Minder (tamthilia ya televisheni)

Minder ni tamthilia ya televisheni ya Uingereza iliyochanganya uhalifu na vichekesho. Ilionyeshwa na mtandao wa televisheni wa ITV kuanzia tarehe 29 Oktoba 1979 hadi tarehe 10 Machi 1994. Ilibuniwa na mwandishi Leon Griffiths na kutengenezwa na Euston Films, kampuni tanzu ya Thames Television. Kwa jumla ilikuwa na misimu 10 na vipindi zaidi ya 100, vingi vikiwa vya muda wa saa moja pamoja na matangazo ya biashara.

Hadithi inawahusu watu wawili wa London. Wa kwanza ni Arthur Daley, mfanyabiashara mjanja wa magari yaliyotumika na bidhaa zisizojulikana zimetoka wapi. Nafasi hii iliigizwa na George Cole. Wa pili ni Terry McCann, bondia wa zamani aliyewahi kufungwa gerezani, ambaye Arthur humtumia kama mlinzi, dereva, mpagazi na mtu wa kutumwa kila mahali. Terry aliigizwa na Dennis Waterman. Waterman alipoacha tamthilia hii mwaka 1989, nafasi ya msaidizi ilichukuliwa na Gary Webster, aliyeigiza kama Ray Daley, mpwa wa Arthur kwa kaka yake.

Ingawa ilimalizika mwaka 1994, Minder bado ina watazamaji. Hurudiwa kwenye televisheni, inapatikana kwenye DVD, na mashabiki wake huijadili kama picha ya London iliyokwisha kubadilika.

Jina

Neno la Kiingereza "minder" maana yake ya kawaida ni mtu anayetunza au kuangalia kitu au mtu. Katika lugha ya mitaani ya London ni mlinzi binafsi anayekodiwa kumsindikiza mtu, kulinda mzigo au kusimama mlangoni. Kwa Kiswahili maana hiyo iko kati ya "baunsa" na "mpambe". Baunsa hulinda kwa nguvu za mwili. Mpambe hufuatana na mkubwa wake na kumsaidia katika shughuli zake, nzuri au mbaya. Terry hufanya kazi zote mbili. Kabla ya tamthilia hii neno hilo lilijulikana zaidi miongoni mwa wahuni na polisi. Tamthilia ililifanya lijulikane na Waingereza wengi.

Chanzo

Leon Griffiths alizaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 1992. Alikuwa mwandishi mzoefu wa tamthilia za televisheni. Minder ilitokana na mswada wake wa filamu kuhusu wahalifu wa London, ambao haukutengenezwa. Ndani ya mswada ule mlikuwa na watu wawili waliofaa kujitegemea: mtu wa mipango na mlinzi wake. Griffiths aliwatoa humo na kuwajengea tamthilia yao wenyewe.

Euston Films ilikuwa imetoka kumaliza The Sweeney, tamthilia ya polisi iliyoonyeshwa kati ya 1975 na 1978, ambamo Dennis Waterman aliigiza kama polisi George Carter. Kampuni ilitaka kazi mpya kwa mwigizaji huyo. Kwa hiyo Minder ilipoanza, mhusika mkuu alikuwa Terry, na Arthur aliwekwa kuwa mtu wa kumtafutia kazi na matatizo. Miongoni mwa wasimamizi wa utayarishaji alikuwa Verity Lambert, ambaye mwaka 1963 alikuwa mtayarishaji wa kwanza wa Doctor Who. Baada ya msimu wa kwanza Griffiths alipatwa na kiharusi, na waandishi wengine, kama Tony Hoare na Andrew Payne, wakaendeleza kazi. Yeye mwenyewe alirudi baadaye kuandika vipindi vingine.

Kipindi cha kwanza kilionyeshwa siku chache tu baada ya kumalizika kwa mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa ITV, uliozima matangazo ya mtandao huo kwa zaidi ya wiki 10 katika mwaka 1979. Watazamaji wa mwanzo hawakuwa wengi kama kampuni ilivyotarajia. Baadhi yao walidhani wataona tena The Sweeney, yaani magari yakifukuzana na watu wakipigana, wakakutana na mzee mwenye kofia anayebishania bei ya masanduku ya pombe. Thames iliendelea na tamthilia hata hivyo, vipindi vya mwanzo vikarudiwa, na watazamaji wakaongezeka. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa miongoni mwa tamthilia zilizopendwa zaidi nchini.

Wahusika wakuu

Arthur Daley. Ni mtu wa makamo anayevaa koti refu la manyoya ya ngamia, suti safi na kofia, huku akivuta biri nyembamba. Kwa maneno yake mwenyewe ni mwagizaji na msafirishaji wa bidhaa. Kwa macho ya polisi ni mlanguzi ambaye hajakamatwa sawasawa. Huuza magari mabovu, saa bandia, mvinyo usio na lebo ya kuaminika, nguo zenye kasoro na chochote kinachoweza kutolewa stoo bila risiti. Si mkatili, na huogopa sana vurugu. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba hawezi kuiona fedha ikipita bila kuinyoshea mkono. George Cole alizaliwa London tarehe 22 Aprili 1925, na kabla ya Minder alijulikana kwa kuigiza mjanja mwingine, Flash Harry, katika filamu za St Trinian's.

Terry McCann. Ni kijana mwenye nguvu, mcheshi na mwenye huruma kuliko sura yake inavyoonyesha. Aliwahi kuwa bondia, kisha akafungwa, na sasa anataka kuishi bila kurudi jela. Hukaa katika nyumba ndogo na huendesha gari jeupe aina ya Ford Capri. Kila Arthur anapomwahidi kazi rahisi, Terry hujua kuwa haitakuwa rahisi, lakini huifanya. Dennis Waterman alizaliwa London tarehe 24 Februari 1948 na alianza kuigiza akiwa mtoto.

Dave Harris. Ndiye mwenye klabu ya Winchester, ambako Arthur hunywa vodka na kufanya mikutano yake. Aliigizwa na Glynn Edwards katika misimu yote 10. Dave huandika deni la Arthur na kumwambia ukweli pale wengine wanapomwogopa au kumcheka.

Polisi. Maarufu zaidi ni sajini Albert Chisholm, aliyeigizwa na Patrick Malahide. Ni mtu mnyofu asiye na furaha, anayeamini kwamba siku moja atamfunga Arthur. Hufuatana na konstebo Jones, Mwelisi aliyeigizwa na Michael Povey. Sajini mwingine, Rycott, aliigizwa na Peter Childs. Katika misimu ya mwisho wanaomwandama Arthur ni Morley, aliyeigizwa na Nicholas Day, na Park, aliyeigizwa na Stephen Tompkinson.

Mke wa Arthur. Haonekani kamwe. Arthur humwita "'er indoors", matamshi ya watu wa London yenye maana ya "yule aliye ndani ya nyumba". Msomaji wa Kiswahili atakumbuka desturi ya wanaume wa pwani kusema "watu wa nyumbani" badala ya kumtaja mke kwa jina. Tofauti ni kwamba mswahili husema hivyo kwa heshima na kuficha siri za nyumba yake, na Arthur husema hivyo kwa hofu. Mke huyo asiyeonekana ndiye mtu pekee ambaye Arthur hajaribu kumdanganya mara mbili.

Ray Daley. Ni mtoto wa Bert, kaka yake Arthur. Anaingia mwaka 1991 akiwa kijana msomi kiasi, anayependa mavazi mazuri na mwenye wazazi wanaomjali. Tofauti hii kati yake na Terry ilibadilisha uhusiano mzima wa tamthilia, kama inavyoelezwa hapa chini.

Mfumo wa hadithi

Vipindi vingi hufuata njia moja. Arthur hupata dili, ambalo huambatana na mzigo, mtu au mahali panapohitaji kulindwa. Humwajiri Terry kwa siku chache bila kumweleza yote. Terry hugundua kuwa mzigo ni wa wizi, au mtu anayelindwa ana maadui, au mwenye mali ni jambazi mkubwa kuliko Arthur. Polisi hukaribia. Mwishoni Terry huokoa hali kwa ngumi au kwa busara, mwenye hatia halisi hushikwa, na Arthur hupoteza faida yake.

Katika kipindi cha kwanza, kwa mfano, Terry anapelekwa kumlinda mwenye duka la kufulia nguo, na majambazi wanapovamia duka hilo wanajikuta wamezingirwa na polisi, naye Terry ni mateka wao. Hatari ni ya kweli, na mtazamaji huogopa. Vichekesho hutokana na tabia za watu walio katika hatari ile, hasa maelezo marefu ya Arthur ya kwa nini yeye hahusiki.

Jambo la kuzingatia ni malipo. Mara nyingi Arthur hukata makato, husahau, huahidi kesho au hulipa kwa bidhaa ambazo hakuna aliyetaka kuzinunua. Terry ni kibarua asiye na mkataba, na rekodi yake ya jela humfanya asiajiriwe kwa urahisi mahali pengine. Arthur analijua hilo. Hapa ndipo penye uzito wa tamthilia chini ya kicheko chake: je, wawili hawa ni marafiki, au ni mnyonyaji na mnyonywaji waliozoeana? Vipindi bora havijibu swali hilo moja kwa moja. Katika baadhi yao Arthur humuuza Terry kwa bei ndogo, na katika vingine hujitokeza kumsaidia ingawa hatapata kitu. Terry naye huondoka kwa hasira, kisha hurudi.

Mazingira na wakati

Minder ilipigwa kwenye filamu ya milimita 16, na sehemu kubwa ilipigwa mitaani badala ya studio. Kwa hiyo inaonyesha London halisi, hasa upande wa magharibi wa jiji: mitaa ya Notting Hill, Hammersmith, Acton na Fulham, pamoja na yadi za magari, masoko, gereji zilizo chini ya madaraja ya reli na viwanja visivyojengwa.

Klabu ya Winchester inahitaji maelezo kwa msomaji wa leo. Hadi mwaka 1988 sheria za vileo za Uingereza zililazimisha baa kufunga kwa saa kadhaa za alasiri. Klabu ndogo za wanachama ziliwapa watu kama Arthur mahali pa kukaa, kunywa na kupanga mambo wakati baa zimefungwa. Klabu ya namna ile ilikuwa ofisi ya asiye na ofisi.

Tamthilia ilianza miezi michache tu baada ya Margaret Thatcher kuwa waziri mkuu mnamo Mei 1979. Serikali yake ilisifu biashara binafsi na watu wanaojitegemea, wakati ambapo viwanda vilifungwa na ukosefu wa kazi uliongezeka. Arthur alionekana kama picha ya kuchekesha ya mjasiriamali wa zama hizo. Hupenda sheria na utulivu, hulalamikia kodi na urasimu, na hujiona nguzo ya uchumi wa taifa, ingawa karibu kila anachofanya ni kinyume cha sheria. Wengine walimwona kama dhihaka dhidi ya siasa zile, wengine walimpenda kwa dhati. Hata leo jina "Arthur Daley" hutumiwa Uingereza kumtaja mfanyabiashara asiyeaminika.

Lugha

Sehemu kubwa ya ladha ya Minder imo katika maneno. Arthur huchanganya lugha ya wanasheria na magazeti na lahaja ya watu wa kawaida wa London, na mara nyingi hukosea methali na misemo kwa kujiamini kabisa. Wahusika pia hutumia mtindo wa mafumbo wa wenyeji wa London ambapo neno halisi hufichwa nyuma ya fungu la maneno yenye vina sawa nalo. Kama ilivyo kwa Sheng ya Nairobi, aliyezaliwa mbali na mitaa hiyo huhitaji muda kuelewa. Baadhi ya misemo iliyotumiwa au kuenezwa na tamthilia iliingia katika Kiingereza cha kila siku, ukiwamo ule wa kumtaja mke bila jina.

Muziki

Wimbo wa utangulizi unaitwa "I Could Be So Good for You". Uliimbwa na Dennis Waterman mwenyewe na kufika nafasi ya 3 katika chati ya Uingereza mwaka 1980. Watu wengi hudhani kuwa yeye ndiye aliyeutunga, lakini watunzi wake ni Gerard Kenny na Patricia Waterman, aliyekuwa mke wake wakati huo. Tabia ya Waterman ya kuimba nyimbo za tamthilia zake iligeuzwa kuwa mzaha katika kipindi cha vichekesho cha Little Britain miaka mingi baadaye.

Mwaka 1982 kikundi cha The Firm kilitoa wimbo wa kuchekesha kuhusu Arthur Daley, na mwaka 1983 Cole na Waterman waliimba pamoja wimbo wa Krismasi kuhusu zawadi ya mke wa Arthur. Picha za mwisho wa kipindi, zinazowaonyesha wawili hao wakitembea kwenye gati refu la Southend, mashariki mwa London, zinakumbukwa sana na mashabiki.

Orodha ya misimu

Msimu wa 1: 1979 hadi 1980
Msimu wa 2: 1980
Msimu wa 3: 1982
Msimu wa 4: 1983 hadi 1984
Msimu wa 5: 1984
Msimu wa 6: 1985
Msimu wa 7: 1988 hadi 1989
Msimu wa 8: 1991
Msimu wa 9: 1993
Msimu wa 10: 1994

Mbali na misimu hii kulikuwa na vipindi maalumu. Kinachojulikana zaidi ni Minder on the Orient Express, kilichoonyeshwa siku ya Krismasi mwaka 1985. Siku hiyohiyo BBC1 ilionyesha kipindi maalumu cha Only Fools and Horses, tamthilia nyingine kuhusu wafanyabiashara wajanja wa London, na magazeti yakageuza jioni ile kuwa shindano.

Kuondoka kwa Waterman

Kadiri miaka ilivyopita, Arthur alizidi kuwa kitovu cha tamthilia. Vichekesho viliongezeka na vurugu zikapungua. Waterman alieleza kuwa hakuridhika na mwelekeo huo, akaondoka baada ya msimu wa 7.

Watayarishaji hawakumpa mwigizaji mwingine nafasi ya Terry. Walileta mtu mpya, Ray. Uamuzi huu ulikuwa wa haki kwa Gary Webster, kwa kuwa hakulazimika kuiga, lakini ulibadilisha mizani. Terry alikuwa mtu mzima aliyebanwa na historia yake. Kila alipomtii Arthur, mtazamaji alijua gharama yake. Ray ni kijana wa ukoo. Akichoka anaweza kurudi kwa wazazi wake, na Arthur hawezi kumdhulumu bila kumkera kaka yake. Kwa hiyo misimu 3 ya mwisho ni ya vichekesho vya familia zaidi kuliko ya uhalifu.

Mwaka 1991 Thames Television ilipoteza leseni yake ya kurushia matangazo London, na mwanzoni mwa 1993 nafasi yake ilichukuliwa na Carlton. Minder iliendelea kwa misimu miwili zaidi, ikafungwa na kipindi kiitwacho The Long Good Thursday.

Jaribio la mwaka 2009

Mwaka 2009 stesheni ya Five ilionyesha vipindi 6 vipya kwa jina lilelile. Shane Richie aliigiza kama Archie Daley, mpwa mwingine wa Arthur, na Lex Shrapnel kama Jamie Cartwright, msaidizi wake. Arthur na Terry hawakuwamo. Wahakiki wengi hawakuupokea vizuri, na msimu wa pili haukutengenezwa. Jaribio hilo linatajwa mara kwa mara na wanaosema kuwa nguvu ya Minder haikuwa katika jina wala mfumo wa hadithi, bali katika jinsi Cole na Waterman walivyojibizana.

Kutazamwa upya

Vipindi vya Minder vimerudiwa mara nyingi Uingereza, hasa kwenye ITV4, na kampuni ya Network ilivitoa kwenye DVD. Kifo cha George Cole tarehe 5 Agosti 2015, akiwa na miaka 90, na cha Dennis Waterman tarehe 8 Mei 2022, akiwa na miaka 74, viliwafanya watu wengi kuitazama tena tangu mwanzo. Mazungumzo ya mashabiki hurudia mambo manne.

Kwanza ni mahali. Wapo wanaotafuta mtaa ulioonekana katika kipindi fulani na kupiga picha kutoka pembe ileile. Mara nyingi yadi imekuwa jengo la ghorofa, na nyumba iliyokuwa ya wapangaji maskini sasa ni ya matajiri. Mtu kama Terry asingeweza kumudu kodi ya nyumba katika mitaa ile leo. Kwa namna hii tamthilia ya burudani imekuwa hati ya historia ya jiji, ingawa haikukusudiwa hivyo.

Pili ni waigizaji wageni. Mwanamuziki Suzi Quatro alionekana mwaka 1982, na Ray Winstone, aliyekuja kuwa nyota wa filamu, aliigiza kama Arnie katika vipindi kadhaa.

Tatu ni swali la Terry na Ray. Wanaopendelea misimu ya mwanzo husema kwamba bila hofu ya kweli kicheko huwa chepesi. Wanaoitetea misimu ya mwisho hujibu kuwa Webster alifanya kazi nzuri, na kwamba George Cole hakulegea hadi siku ya mwisho.

Nne ni yale yaliyopitwa na wakati. Namna baadhi ya vipindi vya mwanzo vinavyowazungumzia wanawake, wahamiaji na watu weusi huwaudhi watazamaji wa leo. Wapo wanaoona kuwa kasoro hizo ni za zama zile na zisifichwe, ili kizazi kipya kione watu walivyosema. Wengine huona kuwa kupenda kazi ya sanaa hakumzuii mtu kuitaja kasoro yake. Mwanafunzi wa historia anaweza kuvitumia vipindi hivi kama ushahidi, mradi akumbuke kuwa tamthilia huonyesha jinsi waandishi walivyoitazama jamii, si jamii yenyewe yote.

Athari

Minder ilisaidia kuthibitisha kuwa tamthilia ya uhalifu inaweza kusimama bila kumfanya polisi kuwa shujaa, na bila mauaji kila wiki. Ilitazamwa pia nje ya Uingereza, ikiwemo Australia, na mwaka 1985 ulitolewa mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji hununua na kuuza bidhaa kama Arthur. George Cole aliigiza kazi nyingi kabla na baada yake, na Waterman alipata umaarufu mwingine katika New Tricks kuanzia mwaka 2003. Hata hivyo, kwa Waingereza wengi wa kizazi kile, wawili hao walibaki kuwa Arthur na Terry.